Tuwaite nani waliozuiliwa Hola?

Wanafunzi wangu wakiandika kuhusu Hola, kule juu ya Garsen kwenye Mto Tana, huwaita waliowekwa kambini "wafungwa". Hapana. Mfungwa amehukumiwa. "Mahabusu" nalo halifai: mahabusu anangoja kesi, na hawa hawakuwa na kesi ya kungoja. "Mateka" lingekaribia, ila Uingereza haikutaka kuviita vita vile vita. Ilisema ni hali ya hatari tu. Mateka wa vita ana haki zake, ati! Likabaki "mzuiliwa", neno lisilotaja kosa wala siku ya kutoka.

Tarehe 3 Machi 1959, waliokataa kazi walipelekwa kwa nguvu kuchimba mifereji ya mradi wa unyunyizaji, kwa mpango wa afisa wa magereza John Cowan. Kumi na mmoja walipigwa hadi wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai walikufa baada ya kunywa maji.

Je, njia nyingine ilikuwepo? Mwaka 1942 Marekani iliwahamishia kambini watu wapatao 120,000 wa asili ya Japani kutoka pwani yake ya magharibi, wengi wao raia. Lakini Hawaii, palepale paliposhambuliwa, ambako jamii hiyo ilizidi thuluthi moja ya wakazi, walikamatwa wachache tu. Wangeondolewa wote, nani angelima miwa?

Kenya nako mtu angeweza kushtakiwa kwa alichotenda. Utaniambia mahakama za wakati ule ziliwanyonga zaidi ya watu 1,000. Kweli, na sizitetei. Hata hivyo, mahakamani ilibidi kosa litajwe. Hola ilitosha kuitwa "sugu".

Bunge la London lilijadili mauaji hayo Julai 1959, na Januari 1960 hali ya hatari ikaondolewa. Hao "sugu" wakaachiliwa, wakarudi makwao wakalima. Nchi haikuteketea.

Marekani iliomba radhi kwa sheria ya 1988, ikawalipa manusura dola 20,000 kila mmoja. Uingereza, mwaka 2013, ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Ilisema inasikitika, huku ikikana kwamba inawajibika kisheria. Tazama kitenzi kilichochaguliwa: kusikitika, si kuomba radhi.