Kuchacha na kuoza

Wali uliolala bila kupashwa moto huchacha: harufu kali, utelezi kidoleni. Wengi husema umeoza, nami nasikitika, maana neno zuri linaachwa. Togwa huchachushwa makusudi kwa kimea, na hakuna anayeiita mbovu. Wahandisi wa majitaka nao huchachusha mabaki ya chakula ndani ya tangi lisiloingiza hewa, wakiikatiza kazi kabla vijidudu havijafikia kutoa gesi ya methani. Wanachovuna ni asidi, ikiwemo ile ya siki. Kwenye mtambo, asidi hizo hulisha bakteria wanaogeuza naitreti ya majitaka kuwa gesi ya naitrojeni, kazi ambayo mitambo mingi huinunulia methanoli. Mabaki hayo tuyaite yaliyochachushwa.