Mwewe wa Leonardo, Mwewe wa Bungoma

Mwaka 1926 Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa kukusanya wadudu, wanyama na vitabu, alianzisha makumbusho yake binafsi huko Kitale. Alipofariki mwaka 1966 aliachia taifa mkusanyiko huo kwa wasia, na mwaka 1974 makumbusho mapya yakafunguliwa mjini. Ndiyo maana historia ya kuchunguza viumbe magharibi mwa Kenya husimuliwa kana kwamba ilianzia kwenye masanduku ya kanali. Kwangu mimi huo ni mlango mmoja tu wa nyumba. Upo mwingine, wa uani, kunakofugwa kuku.

Mnamo 1505, enzi ya mwamko wa sanaa Ulaya, Leonardo da Vinci alijaza daftari dogo kuhusu namna ndege wanavyoruka, na aliyemfunza zaidi ni mwewe. Alitaka kujua anapandaje juu ya upepo bila kuchoka. Ngozi ya ndege iliyokaushwa ndani ya sanduku la makumbusho humpa mtafiti urefu wa bawa, tarehe na mahali, wala si haba. Lakini aliyelazwa chali, pamba machoni, hawezi kukuonyesha anavyogeuza mkia. Mwenye kuku Bungoma, huko huko magharibi mwa Kenya, anauona mkia huo hai: una panda, unalala upande huu, kisha ule, mabawa yametulia tuli. Kuku hutoa mlio mmoja mkali, vifaranga wanatokomea chini ya ghala. Mwewe akibahatika hunyakua kwa kucha bila kutua, na huweza kula papo hapo hewani.

Atasema mtu kwamba hiyo ni hofu ya mfugaji, si elimu, na kwamba uani kila mwenye kucha huitwa mwewe, awe kozi au kipanga. Hapo kibandiko cha makumbusho kinashinda, nakubali. Ila Leonardo naye alikuwa na shida yake: alitaka binadamu aruke. Shida haipofushi jicho. Mara nyingi hulinoa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba yeye aliandika na kuchora, ilhali maarifa ya uani hufa na mwenyewe. Lakini daftari lile halikuchapishwa hadi 1893. Kwa karibu miaka 400 wasomaji wake walikuwa wa kuhesabika, wakati maarifa ya uani yana msikilizaji kila mahindi yanapoanikwa na mtoto kuambiwa akae alinde vifaranga, macho juu.