Malwa, Simba na Tembo

Hapa Kabongo, hadithi ya ufalme wa Waluba inaanza na namna mtu anavyokunywa. Mtawala Nkongolo Mwamba alikula na kunywa hadharani, akalewa mbele ya watu. Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, alikunywa kwa siri, na mwanawe Kalala Ilunga ndiye aliyeshika utawala. Kwa hiyo sikubali nikiambiwa kwamba kuonja na kupima pombe ni mambo ya wageni.

Nkambo wangu alipika malwa, pombe ya mahindi. Mahindi yalilowekwa hadi yakachipua, yakaanikwa, yakatwangwa, yakachemshwa, yakaachwa yachachuke. Alionja akiwa amesimama kando ya chungu, kisha akatoa hukumu: changa, imeiva, imepita. Madaraja matatu tu, na sijaona kipimo bora.

Bia ya chupa ilitoka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ambako imetengenezwa tangu miaka ya 1920. Njia yake ya kutufikia ni reli ya kutoka Kamina hadi Kabalo, inayopita hapa kwetu, iliyokamilika mwaka 1956.

Kati ya bia za huko, Simba ni ya rangi ya dhahabu, nyepesi, uchungu wake unaisha upesi. Ikipoteza baridi, imekwisha. Tembo ni ya kahawia, ina utamu wa sukari iliyoungua, na hata ikipata joto bado inanyweka. Naiweka Tembo juu ya Simba. Lakini malwa iliyoiva inazishinda zote mbili: ina uchachu, ina uzito, na mahindi yenyewe unayasikia ulimini.