Shule za Harambee: Sekondari Zilizotoka Mifukoni mwa Wanavijiji

Shule ya harambee ilikuwa sekondari iliyoanzishwa, kujengwa na kuendeshwa kwa michango ya wazazi na majirani zao, bila kungoja serikali. Kenya ilipojipatia uhuru mwaka 1963 ilikuwa na sekondari 151 tu, zenye wanafunzi wapatao 30,000 nchi nzima. Watoto waliomaliza shule ya msingi walikuwa wengi mno kwa nafasi hizo, na aliyekosa nafasi alirudi nyumbani kushika jembe. Wanavijiji hawakukubali. Katika muda wa miaka kumi hivi, sekondari walizozijenga wenyewe zilikuwa zimezipita zile za serikali kwa idadi.

Harambee ni mwito wa watu wanaovuta au kuinua mzigo mzito kwa pamoja. Kiongozi huuita kwa sauti ndefu, wenzake wakaitikia na kuvuta kwa mkupuo mmoja. Jomo Kenyatta aliufanya mwito wa taifa siku ya Madaraka, Juni 1, 1963, na mpaka leo neno hilo limeandikwa kwenye nembo ya Kenya. Desturi yenyewe ni kongwe kuliko taifa. Wakamba walikuwa na mwethya, Wakikuyu ngwatio, Waluo saga: majirani walilima shamba la mmoja wao kwa siku moja, mwenyeji akawalisha na kuwanywesha, kisha zamu ikahamia kwa mwingine. Daftari halikuwapo, lakini aliyekwepa zamu alijulikana.

Kuitumia desturi hiyo kujengea shule kulianza zamani za ukoloni. Baada ya mzozo wa mwaka 1929 kati ya misheni na Wakikuyu kuhusu tohara ya wasichana, wazazi wengi waliwatoa watoto wao katika shule za misheni na kufungua za kwao, chini ya vyama vya KISA na Karinga. Shule hizo zilihitaji walimu, na mwaka 1939 Mbiyu Koinange, aliyekuwa amesoma Marekani, alianzisha chuo cha ualimu huko Githunguri. Marika yalishindana kukichangia. Kenyatta alikiongoza baada ya kurejea kutoka Uingereza mwaka 1946. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, na mahali ambapo vijana walifundishwa ualimu pakageuzwa pa kunyongea watu. Kwa wazee wa eneo hilo, kujijengea shule baada ya uhuru ilikuwa kurudisha kitu walichonyang'anywa.

Shule nyingi za harambee zilianza kwa namna inayofanana. Kamati ilichaguliwa kwenye baraza au baada ya ibada, ikiwa na mwenyekiti, karani na mweka hazina, na ukoo fulani ukatoa kipande cha ardhi. Kidato cha Kwanza kiliingia darasani kabla darasa halijakuwapo: kanisani, katika chumba cha ziada cha shule ya msingi, au chini ya mti. Wanaume walichimba msingi na kuchoma matofali. Wanawake walibeba maji na mchanga kutoka mtoni, safari baada ya safari, na kazi hiyo ambayo haikuandikiwa risiti ilipunguza sana gharama. Fedha taslimu zilitengwa kwa vitu visivyopatikana kijijini: saruji, misumari, mabati na ujira wa fundi.

Fedha hizo zilitafutwa siku ya mchango, kwa kawaida Jumamosi. Wiki kadhaa kabla, kadi za harambee zilikuwa zimesambazwa, kila moja na mistari ya kuandika jina na kiasi, na aliyepewa kadi alizunguka nayo kwa jamaa hata kuwafikia waliohamia Nairobi na Mombasa. Siku yenyewe majina yalisomwa mbele ya watu, shilingi mbili za mjane zikitajwa kwa sauti ileile iliyotaja shilingi mia za mwenye duka. Asiye na fedha alileta mayai, mkungu wa ndizi, gunia la mahindi au jogoo. Vitu hivyo vilinadiwa papo hapo. Mara nyingi aliyemnunua jogoo kwa bei ya kuruka alimrudisha mezani anadiwe tena, hata jogoo mmoja akalipia mabati kadhaa kabla jua halijatua.

Sekondari hazikuwa peke yake. Shule za chekechea karibu zote zilitegemea wazazi, na zahanati, mabirika ya ng'ombe na mifereji ya maji vilijengwa vivyo hivyo. Huko Mkoa wa Kati, wanawake waliunda vikundi vya mabati: kila mwanachama alitoa fedha alizopata kwa vibarua na mauzo ya mazao, na kikundi kikaezeka nyumba ya mmoja, kisha ya mwingine, mpaka nyasi zikaondoka katika paa za wote. Mvua iliyokuwa ikivuja usiku sasa iliteremka kwenye pipa, na mama akapunguza safari za mtoni. Mwanasosholojia Philip Mbithi, aliyeandika pamoja na Rasmus Rasmusson kitabu kuhusu harambee kilichotoka mwaka 1977, aliutazama mwendo huu kama njia ya wanavijiji kupanga maendeleo yao wenyewe, na hesabu ya majengo inamuunga mkono.

Ugumu ulikuja baada ya kuezeka. Jengo hujengwa mara moja, lakini mwalimu hulipwa kila mwezi. Shule nyingi za harambee ziliajiri walimu wasio na mafunzo, wengine wakiwa wametoka sekondari majuzi tu, na hazikuwa na maabara wala maktaba. Nyingi ziliishia Kidato cha Pili, na matokeo ya mitihani yalikuwa duni. Karo zake, kinyume na ilivyodhaniwa, mara nyingi zilizidi zile za shule za serikali, hivyo mtoto wa maskini alilipa zaidi kwa elimu hafifu zaidi. Kamati ziliyajua hayo tangu mwanzo. Tumaini lao lilikuwa kwamba serikali ikishaona shule imesimama, italeta mwalimu na kuichukua, na shule nyingi zilichukuliwa kweli. Jambo jingine halisemwi vya kutosha: nafasi za wasichana katika sekondari za serikali zilikuwa chache sana, na bila shule za harambee maelfu yao wasingevuka darasa la saba.

Mwendo huu pia uliongeza tofauti kati ya maeneo. Penye kahawa, chai na watu walioajiriwa mjini, michango ilikuwa minono. Kwa wafugaji wa kaskazini, ambako shule zilihitajika zaidi, ilikuwa haba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mikoa ilianza kushindana kuanzisha vyuo vya ufundi. Wakulima wa kahawa wa Nyeri walichangia Taasisi ya Kimathi, iliyoanza mwaka 1972 na ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Chuo cha magharibi kilichoanzishwa Kakamega kikaja kuwa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro.

Kadiri miaka ilivyosonga, siku ya mchango ilihama mikononi mwa kamati na kuwa ya mgeni wa heshima. Mwanasiasa alikuja na bahasha nene, akapewa kipaza sauti, na kura zikafuata. Katika miaka ya 1980 harambee ilikuwa imegeuka kodi isiyo na sheria: machifu walipangia kila kaya kiasi chake, na aliyeshindwa alichukuliwa kuku au mbuzi. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliwaongezea wazazi mzigo wa kujenga karakana za useremala na vyumba vya sayansi kimu. Fedha nyingi zilipotea zisijulikane zilikokwenda.

Mwaka 2003 ulileta mabadiliko makubwa. Serikali ya Mwai Kibaki ilifuta karo za shule za msingi, sheria ya maadili ikawazuia watumishi wa umma kutumia vyeo vyao kuchangisha, na kikosi kazi kilichoongozwa na Koigi wa Wamwere kikachunguza maovu ya harambee. Mwaka huohuo iliundwa Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge, CDF, iliyotengewa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali, na ujenzi wa madarasa mengi ukahamia huko. Wanasiasa hawakuacha majukwaa. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee.

Michango ya familia haikukatika. Tangu M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ianze mwaka 2007, kadi ya mistari imegeuka kundi la WhatsApp: mtoto ameitwa sekondari au amelazwa hospitalini, mweka hazina anatoa namba ya simu, na kila jioni anabandika orodha mpya yenye jina la kila aliyetoa, kiasi chake, jumla iliyofikiwa na kiasi kilichobaki.