Setilaiti ya Malindi na Galaksi ya Sumbula

Mkaazi wa Lugarawa, katika milima ya Ludewa, akiinua uso wake mwanzo wa usiku mwezi wa Juni, mvua zikiwa zimekwisha na baridi imeshika, huona upande wa kusini nyota yenye ukungu ambayo wanafalaki huiita Omega Centauri, nayo kwa hakika si nyota moja bali ni fungu la nyota zipatazo milioni 10. Na akigeukia kaskazini, ataitazama buruji ya Sumbula, au Mashuke kama wasemavyo wapiga falaki wa pwani, ambamo imo galaksi kubwa mno iitwayo M87, isiyoonekana kwa macho matupu, kwa kuwa nuru yake husafiri miaka milioni 55 hivi hata kutufikia.

Galaksi za namna hiyo hutoa pia miali ya eksirei, ambayo hewa ya dunia huizuia isifike chini, basi atakaye kuichungua hana budi kupandisha chombo juu ya hewa. Na setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kwa kazi hiyo ilirushwa kutoka bahari yetu ya Uswahilini, jambo ambalo, kwa maoni yangu, tumelitukuza kidogo mno. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, Waitaliano wa Profesa Luigi Broglio waliirusha setilaiti hiyo ya Wamarekani kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, naye Bibi Marjorie Townsend, msimamizi wake, akaipa jina la Uhuru. Mahali hapo hapakupatikana kwa kubahatisha, maana karibu na Ikweta mzunguko wa dunia huizidishia roketi mbio.

Uhuru ilidumu kazini hadi Machi 1973, ikabainisha kwamba uwazi uliopo baina ya galaksi za Sumbula, na za makundi mengine, umejaa gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Riccardo Giacconi, kiongozi wa wataalamu wake, mwaka 1981 alikuwa mkuu wa kwanza wa taasisi ya Baltimore iliyokabidhiwa kazi za darubini ya Hubble. Na darubini hiyo, iliyorushwa mwaka 1990, iliyachungua mafungu ya nyota, mfano wa Omega Centauri, yaizungukayo M87, maelfu kwa maelfu, ilhali galaksi yetu ina yapatayo 150 tu yajulikanayo. Kwa rangi yamegawanyika aina mbili, mekundu na ya samawati, na wanafalaki wengi wanaitakidi kwamba mengi ya hayo ya samawati ni mali ya galaksi ndogo ambazo M87 ilikwisha kuzimeza.