Kugawa diski si kuweka akiba

Fundi wa kompyuta wa Nyawera, mtaa wa Bukavu, akikuambia “tugawe diski”, kubali, ila uelewe neno lenyewe. Kugawa ni kukata kitu kimoja mafungu, hakiongezeki. Kiswahili kina neno kizigeu, ukuta mwembamba unaotenga vyumba chini ya paa moja, nalo linafaa zaidi: tangu DOS 2.0 ya mwaka 1983, jedwali dogo mwanzoni mwa diski huonyesha tu kila sehemu inaanzia wapi na ina ukubwa gani. Faida ipo. Windows ikiharibika, fundi hufuta sehemu ya C ilimo Windows na kuisimika upya, na picha na tasnifu zilizoko sehemu ya pili, D, hubaki salama.

Wengine watasema basi D ni akiba tosha. Hapana. Umeme wa Bukavu ukikatika na kurudi kwa nguvu kupita kiasi, diski ikiungua hupotea C na D pamoja. Wapo pia wasemao folda zinatosha. Ni kweli kwa diski ndogo, ambayo ukiigawa, C hujaa upesi huku D ikiwa na nafasi tele. Diski kubwa tuigawe, lakini nakala ya tasnifu ikae kwenye diski nyingine, nje ya mashine.