Sinema ya Kubebwa: Kutoka Gari la Serikali Hadi Mfuko wa Shati

Ukitoka Kunduchi kwenda mjini, Dar es Salaam, kwa njia ya Africana, Kawe na Mikocheni, unafika Msasani na kupita mbele ya Ubalozi wa Marekani. Kabla ya jengo hilo kufunguliwa mwaka 2003, hapo palikuwa na Drive-In, sinema ya uwanjani iliyoanza mwaka 1966, ambako familia zilitazama filamu zikiwa ndani ya magari. Picha ilirushwa kutoka chumba cha mitambo, na bila fundi wa mtambo hapakuwa na onyesho. Siku hizi kijana wa Mtongani anaweza kuning'iniza shuka jeupe uani, akaweka juu ya kigoda projekta yenye ukubwa wa kopo la soda, akachomeka flashi, na majirani wakakaa kutazama.

Kifaa ni kipya, lakini desturi ya sinema kuwafuata watu waliko ni ya zamani katika nchi zetu. Kilichobadilika zaidi ni mwenye mtambo, maana ndiye anayeamua watu waone nini.

Taa ya mmisionari, gari la serikali

Mwaka 1854 mmisionari David Livingstone, akiwa safarini ndani ya Afrika, alimwonyesha mtawala Shinte picha za Biblia kwa taa ya kurushia picha, kifaa kilichojulikana Ulaya tangu karne ya 17. Picha mojawapo ilikuwa ya Ibrahimu ameinua kisu amchinje mwanawe. Livingstone alipoisogeza, kisu kikaonekana kuwaelekea watazamaji, na wanawake wakatimua mbio. Shinte alibaki ameketi hadi mwisho, kisha akaikagua taa ile kwa makini.

Katika Tanganyika, jaribio kubwa la kwanza la sinema ya kutembezwa lilifanyika kati ya mwaka 1935 na 1937 huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ukaongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Ulitengeneza filamu 35 za milimita 16 juu ya mambo kama safura na kuweka akiba Posta. Filamu zenyewe zilikuwa bubu; maelezo yalitoka kwenye santuri zilizopigwa sambamba na picha. Lori lilizunguka na mitambo hiyo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Baada ya Vita Kuu ya Pili gari la sinema likawa jambo la kawaida vijijini. Jenereta ilinguruma kando, skrini ikasimamishwa penye uwazi, na waliochelewa wakatazama kwa upande wa nyuma, maandishi yakiwa yamegeuka. Katika miaka ya 1950 zikatengenezwa filamu za Kiswahili, zikiwemo Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Mwigizaji mashuhuri wa filamu hizo alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Uhuru haukuliondoa gari hilo barabarani. Tanzania Film Company iliundwa mwaka 1968, na filamu yake Fimbo ya Mnyonge iliwahimiza wananchi wahamie vijiji vya Ujamaa. Zanzibar ilipata televisheni yake katika miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kwa miaka yote hiyo, mwanakijiji aliyeona picha zikitembea aliona kwa kawaida kile ambacho mkoloni, na baadaye serikali yake mwenyewe, ilitaka akione: choo bora, kilimo bora, kijiji bora.

Vibanda umiza

Mikanda ya video iliuvunja utaratibu huo. Kuanzia miaka ya 1980 mtu mwenye runinga, deki na mabenchi aliweza kufungua ukumbi wake nyuma ya nyumba. Vibanda umiza vikaota Kinondoni, Temeke na kwingineko, na mtazamaji akachagua kwa senti zake: filamu ya Kihindi leo, ngumi za Hong Kong kesho, na baadaye mechi ya Simba na Yanga kupitia king'amuzi.

Humo ndimo ilimozaliwa sanaa ya kutafsiri filamu. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, aliingiza sauti yake juu ya filamu za nje, akazieleza kwa Kiswahili, akatania na kuongeza visa. Kenya ikampata DJ Afro, na Uganda ikawa na wasimulizi wake waitwao VJ. Watazamaji wengi walimfuata msimulizi kabla ya kumfuata nyota wa filamu.

Vioo vidogo, taa ya bluu

Wakati vibanda vikishamiri, huko Marekani mitambo ilikuwa ikipunguzwa ukubwa. Mwaka 1987 Larry Hornbeck wa Texas Instruments alibuni chipu yenye vioo vingi vidogo, kila kimoja chembamba kuliko unywele, vinavyopinduka maelfu ya mara kwa sekunde ili kuupeleka mwanga ukutani au kuuzuia. Projekta za chipu hiyo ziliingia sokoni mwaka 1996, lakini zilibaki kubwa kwa sababu taa zake zilikuwa na joto kali na zilihitaji feni.

Dawa yake ilikuwa taa ndogo za LED. Nyekundu na kijani zilikuwepo. Bluu angavu ndiyo iliyosumbua hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura waliifanikisha, na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Rangi hizo tatu zikikutana, picha hupatikana bila taa ya moto, na betri ndogo huweza kuiendesha.

Mwaka 2008 zikatoka 3M MPro110 na Optoma Pico PK101, projekta za kuingia mfukoni zenye mwanga wa lumeni 10 hivi. Nikon iliweka projekta ndani ya kamera mwaka 2009, na Samsung ndani ya simu ya Galaxy Beam mwaka 2012. Zote mbili hazikudumu sokoni. Kopo la soda lilikuja mwaka 2017: Nebula Capsule ya Anker, yenye lumeni 100 za ANSI, kipimo sanifu cha mwanga wa projekta, na programu zake ndani.

Udogo una gharama. Lumeni 100 zikitandazwa kwenye picha ya upana wa mita 2 hutoa lux zisizofika 50, mwanga hafifu kuliko wa darasa lililowashwa taa. Ukiisogeza projekta mbali mara mbili, picha inakuwa kubwa mara nne na mwanga wake unabaki robo. Bahati yetu ni kwamba pwani hii giza huingia mapema mwaka mzima, na umeme ukikatika betri huendelea.

Wapo walioona faida hiyo mapema. Shirika la Access Agriculture huwapa vijana wa nchi kadhaa za Afrika projekta za umeme wa jua zenye video za kilimo katika lugha za wakulima, Kiswahili kikiwemo. Tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza Zanzibar mwaka 1998, limekuwa likipeleka filamu hadi vijiji vya Unguja na Pemba.

Kwa anayetaka kununua, ushauri ni mfupi. Uliza lumeni za ANSI, kwa kuwa namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi bila kipimo hicho haina maana. Omba uwashiwe dukani, taa zikiwa zinawaka. Nunua na spika, kwa sababu sauti ya ndani haiwatoshi watu ishirini. Ukitaka kutoza kiingilio, kumbuka kwamba Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali, na mwenye filamu ana haki yake.

Kisha chagua vizuri cha kuonyesha. Babu zetu walichaguliwa cha kutazama na serikali. Sisi tumeshika mtambo wenyewe, na tukiujaza filamu za watu wengine tu hatutakuwa na wa kumlaumu. Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya mwaka 2001, ingefaa kuwa ya kwanza.